Wakusanyaji wa Nasaba

Mwaka 1910, huko Cold Spring Harbor, kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Long Island karibu na jiji la New York, ilifunguliwa ofisi ya kutunza kumbukumbu za koo za Wamarekani. Iliitwa Eugenics Record Office. Mwanzilishi wake alikuwa mwanabiolojia Charles Davenport, na fedha za kuianzisha zilitoka kwa Mary Harriman, mjane wa tajiri wa reli. Ofisi ilitaka kujua nani amemrithisha nani kitu gani: rangi ya macho, kipaji cha muziki, kifafa, ulevi, wazimu. Majibu ya maswali hayo hayakuwa maabara. Ilibidi mtu aende majumbani, apige hodi, akaribishwe, aulize habari za babu na bibi, kisha aandike.

Davenport aliamini kazi hiyo inawafaa wanawake. Aliwaona kuwa na jicho la kuona mambo madogo na ulimi wa kuzungumza na watu wasiowajua. Kila mwaka, majira ya joto, ofisi iliwafundisha vijana waliotoka vyuoni, na hadi katikati ya miaka ya 1920 walikuwa wamepita zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wasichana wenye shahada za sayansi, na nafasi nyingine za kazi ya sayansi kwa msichana wa wakati ule zilikuwa chache mno.

Ninaanzia hapo kwa sababu hadithi ya wanawake katika sayansi husimuliwa kwa kawaida kana kwamba walikuwa nje, wakabisha, na mwishowe wakafunguliwa. Katika sayansi ya kurithi tabia na magonjwa ya akili, wanawake walikuwa ndani tangu siku za mwanzo, wakiwa na daftari, mshahara na nauli. Walipewa kukusanya. Kuuliza kulibaki kwa wengine. Na nimekuja kuamini kwamba tunaposema leo tuwainue wanawake katika taaluma hii, tofauti kati ya kazi hizo mbili ndiyo ya kutazamwa kwanza, kabla ya tuzo, kabla ya vyeo, na kabla ya kuhesabu wanawake wangapi wamo katika picha ya pamoja ya mkutano.

Kiswahili kina neno zuri kwa kitu walichokusanya wasichana wale: nasaba. Wataalamu wetu wa lugha walipotafuta jina la kile kilichomo ndani ya kila seli ya mwili na kupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, walilichukua neno hilo la zamani la ukoo, wakalitia kiambishi, tukapata kinasaba na vinasaba. Kila tunaposikia redioni kwamba polisi wanasubiri majibu ya vipimo vya vinasaba, ndani ya neno hilo wamo babu na bibi.

Mmoja wa wakusanyaji wa mwanzo alikuwa mwalimu aitwaye Elizabeth Kite. Hakufanya kazi Cold Spring Harbor. Alikuwa katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Vineland, New Jersey, chini ya mwanasaikolojia Henry Goddard. Goddard alitaka kuthibitisha kwamba udhaifu wa akili hurithiwa kama rangi ya maua ya mnjegere. Alimtuma Kite akafuatilie ukoo wa msichana mmoja aliyekuwa akitunzwa pale shuleni. Kite alizunguka vijiji na mashamba, akaingia katika nyumba za watu maskini, akawatazama, akazungumza na majirani, na kuandika juu ya kila mtu: huyu mzima, huyu dhaifu wa akili. Kuna watu walioandikwa hivyo wakiwa wamekwisha kufa miaka mingi, kwa kutegemea kumbukumbu za waliowahi kuwasikia.

Kitabu kilitoka mwaka 1912, kikiitwa The Kallikak Family. Aliyeandikwa kuwa mwandishi ni Goddard. Kilisomwa sana Marekani, kikatafsiriwa Ujerumani mwaka 1914, na kwa miaka mingi mchoro wake wa ukoo ulichapishwa katika vitabu vya saikolojia kana kwamba ni ushahidi. Baadaye watafiti walipozichunguza upya nyaraka waligundua kwamba mchoro ule ulikuwa na makosa makubwa. Msichana ambaye ukoo wake ulisakwa, aliyepewa kitabuni jina la kubuni la Deborah, kwa kweli aliitwa Emma Wolverton. Aliingizwa katika taasisi akiwa na umri wa miaka minane, akaishi katika taasisi mpaka alipofariki mwaka 1978, mwanamke wa karibu miaka tisini. Alikuwa fundi hodari wa kushona na kuchonga mbao.

Kite hakuwa mtu mbaya, na sitaki kumfanya hivyo. Alifanya kazi kwa bidii na aliamini alichokifanya. Lakini swali lilikuwa limeshajibiwa kabla hajapanda gari la farasi kuelekea shamba la kwanza. Kazi yake ilikuwa kuleta matofali ya nyumba ambayo ramani yake ilikuwa mezani kwa mtu mwingine. Nyumba hiyo ikawa na vyumba vya kutisha. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu Carrie Buck wa Virginia afungwe kizazi kwa nguvu, baada ya kesi ambayo mtafiti wa Cold Spring Harbor alitoa ushahidi. Marekani yote, watu zaidi ya 60,000 walifungwa vizazi kwa sheria za namna hiyo. Ujerumani, sheria ya Julai 1933, ambayo daktari wa magonjwa ya akili Ernst Rüdin wa Munich alishiriki kuiandikia ufafanuzi, iliwafunga vizazi watu wanaokadiriwa kufikia 400,000. Wenye skizofrenia walikuwa miongoni mwa waliotajwa ndani yake kwa jina la ugonjwa wao.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu nasaba ilikusanywa kabla ya kitabu chochote kufika. Kabla mahari haijatajwa, kuna uchunguzi. Wazee humtuma mtu aende akaulize polepole: ukoo ule una kifafa? Una ukoma? Una kichaa? Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitumwa kazi hiyo. Alikwenda na kikapu cha maembe, akakaa uani na wanawake wenzake, akasaidia kuchambua mchele, na jioni akarudi na majibu. Hakujua kusoma wala kuandika. Kichwani alikuwa na koo za vijiji vitatu, vizazi vinne kwenda nyuma, nani alizaa na nani, nani alikufa na nini, nani alifungwa kamba mtini wakati wa masika na kupona wakati wa kiangazi.

Majibu yake yaliweza kuumiza. Binti mmoja wa upande wetu alirudishiwa posa kwa sababu mama yake, baada ya kujifungua mtoto wa pili, alikuwa ameshikwa na kile tunachokiita kichaa cha mimba: siku ya sita aliacha kulala, akaanza kusema na watu wasioonekana, akakataa kumnyonyesha mtoto akidai si wake. Alipona baada ya miezi. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa uani, likafika kwa upande wa mwanamume, na binti yule aliolewa akiwa na umri wa kuitwa bibi na watoto wa ndugu zake. Hakuna aliyejua kumwambia kwamba hata kwa skizofrenia, ugonjwa unaoogopwa kuliko yote, takribani watoto tisa kati ya kumi wa mzazi mmoja mgonjwa hawaupati ugonjwa huo.

Takwimu kama hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitokana na watu kufuatilia watoto wa wagonjwa mpaka wakakua. Mmoja wa walioifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kuliko wengine ni mwanamke aliyesaini makala zake L. Erlenmeyer-Kimling.

Alifanya kazi katika taasisi ya magonjwa ya akili ya jimbo la New York, katika idara iliyoanzishwa na Franz Kallmann. Huyu Kallmann alikuwa amejifunza kwa Rüdin kule Munich, na mwaka 1935 alikuwa akitaka hata ndugu wa wagonjwa wafungwe vizazi. Mwaka uliofuata ilimbidi kukimbilia Marekani, maana kwa asili alikuwa Myahudi. Katika idara hiyohiyo alikuwamo Lissy Jarvik, aliyezaliwa The Hague, Uholanzi, mwaka 1924, akakimbia na familia yake Wanazi walipoivamia nchi yao mwaka 1940. Alianza na Kallmann akiwa bado mwanafunzi, katika utafiti wa mapacha wazee, na kwa miaka mingi aliendelea kuonyesha kwamba kuzeeka si lazima kuandamane na kupoteza akili. Ninapofikiria chumba kile cha kazi huwa nashangaa: mwanafunzi wa Rüdin na mkimbizi wa Hitler juu ya mafaili yaleyale.

Mwaka 1963 wanawake hao wawili, Erlenmeyer-Kimling na Jarvik, walichapisha katika jarida la Science makala fupi iliyokusanya tafiti 52 kuhusu kufanana kwa akili kati ya ndugu, wazazi, mapacha na watoto wa kulelewa, jozi zaidi ya 30,000 kwa jumla. Hapakuwa na mwanamume katika orodha ya majina. Walikusanya, naam, lakini swali lilikuwa lao: je, tukiziweka tafiti zote pamoja, zinasema nini? Makala hiyo ikawa miongoni mwa zilizotajwa sana katika taaluma yao.

Kisha, mwaka 1971, Erlenmeyer-Kimling alianzisha mradi ambao matokeo yake asingeweza kuyaona kwa miaka ishirini. Alichagua watoto wa miaka 7 hadi 12: wengine mzazi wao alikuwa na skizofrenia, wengine mzazi alikuwa na ugonjwa wa hisia, wengine wazazi walikuwa wazima. Watoto wote walikuwa wazima. Akawapima kumbukumbu, umakini na wepesi wa viungo, kisha akangoja. Wakawa vijana, wakawa watu wazima, wakaoa na kuolewa, na timu yake ikaendelea kupiga hodi. Mwaka 2000 ndipo aliporipoti kwamba wale waliokuja kuugua walikuwa wameonyesha dalili ndogo za kumbukumbu, umakini na mwendo wa viungo tangu utotoni. Kwa ripoti moja kama hiyo, mtu alikuwa ametumia karibu miaka thelathini ya maisha yake ya kazi.

Lakini mwanamke ambaye ningependa msomaji abaki naye ni Janice Egeland, na ili kumwelewa lazima tuondoke New York tuelekee magharibi mwa Philadelphia, kwenye mashamba ya kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Huko wanaishi Waamishi, Wakristo wa asili ya Ujerumani na Uswisi ambao hawaendeshi magari, hawaweki umeme wa gridi majumbani, na huoana wao kwa wao. Mababu zao walikuwa familia chache zilizofika karne ya 18. Nasaba zao wanazijua na kuzichapisha wenyewe.

Egeland alikuwa mwanasosholojia. Hakuwa daktari wala mwanajenetiki. Alianza kwenda kwa Waamishi alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu ya Yale, na wakati mwanajenetiki mashuhuri Victor McKusick wa Johns Hopkins alipokuja kuchunguza ufupi wa kurithi miongoni mwao, Egeland alikuwa anazijua koo. Katika makala maarufu ya mwaka 1964 juu ya watoto wafupi wanaozaliwa na vidole sita, jina la kwanza ni la McKusick na la pili ni la Egeland. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na tungekuwa na Elizabeth Kite mwingine, mwenye bahati ya kufanya kazi na mtu mwema zaidi.

Haikuishia hapo. Mwaka 1976 Egeland alianzisha utafiti wake mwenyewe juu ya magonjwa ya hisia kwa Waamishi: sonona, na ule ugonjwa wa kupanda na kushuka ambao siku hizi wengi wetu tunauita baipola. Alisikia Waamishi wenyewe wakisema juu ya magonjwa hayo kwamba yamo damuni. Swali lake lilitoka kwenye maneno yao.

Na hapa ndipo miaka yote ile ya kukaa jikoni kwa watu ilipogeuka kuwa sayansi. Daktari wa hospitali akitafuta dalili za kupanda kwa baipola huuliza: mgonjwa ananunua vitu ovyo? Analewa? Anazini? Mwamishi hanywi, hana kadi ya benki, na kijiji kizima kinamtazama. Egeland na mwenzake, daktari Abram Hostetter, walijua dalili za kwao zinakuwaje. Mtu anamkimbiza farasi wake barabarani kupita kiasi. Anatumia simu ya umma mno. Anawatendea mifugo kwa ukali. Anapanga safari ya mapumziko katika msimu usio wa mapumziko. Anataka kugawa zawadi. Kwa mgeni hayo si kitu. Kwa mtu wa pale ni kengele. Kwa kutojua hayo, hospitali zilikuwa zimewaandika wengi wa wagonjwa hao kuwa na skizofrenia na kuwatibu hivyo. Egeland aliweka utaratibu: kumbukumbu za kila mgonjwa zilipelekwa kwa jopo la wataalamu watano, kila mmoja akatoa uamuzi wake bila kujua mgonjwa ni wa ukoo gani. Vigezo walivyotumia vilikuwa na mkono wa mwanamke mwingine, mwanasaikolojia Jean Endicott wa New York, aliyeviandika pamoja na Robert Spitzer na Eli Robins.

Mwaka 1985 Egeland na James Sussex walitoa hesabu ya watu waliojiua katika jamii ile kwa miaka mia, kutoka 1880 hadi 1980. Walikuwa 26 tu. Karibu robo tatu yao walitoka katika koo nne. Walitaja pia jambo ambalo mtu mwenye haraka angelipita: kulikuwa na koo nyingine zenye magonjwa yaleyale ya hisia ambamo hakuna aliyejiua. Damu peke yake haikueleza kila kitu.

Kisha ikaja Februari 1987. Jarida la Nature lilichapisha makala ambayo jina lake la kwanza lilikuwa Egeland, na baada yake Daniela Gerhard, mwanamke aliyefanya kazi ya maabara. Katika ukoo mmoja wa Waamishi, alama fulani kwenye kromosomu ya 11 ilionekana kusafiri pamoja na baipola kutoka kizazi hadi kizazi. Ilikuwa kama mtu ametaja mahali jeni ya ugonjwa wa akili ilipojificha. Magazeti yalishangilia. Katika toleo lilelile, Sevilla Detera-Wadleigh na wenzake walionyesha kwamba katika familia tatu za Amerika Kaskazini alama hiyo haikuwa na uhusiano na ugonjwa, lakini habari ya kutoona haijawahi kupata kichwa kikubwa gazetini.

Mradi wa kawaida ungefungwa hapo. Sampuli zilikwisha kuchukuliwa, makala ilikwisha kutoka, fedha mpya zilikuwa njiani. Lakini watu wa Egeland waliendelea kwenda Lancaster, maana ndivyo walivyokuwa wakifanya siku zote. Na watu wawili wa ukoo ule, waliokuwa wamehesabiwa kuwa wazima, waliugua. Hesabu yote ilikuwa imeegemea pia juu ya uzima wao. Ilipopigwa upya, na tawi jingine la ukoo likaongezwa, ushahidi wa kromosomu ya 11 uliporomoka. Makala ya kuuondoa ilitoka Nature, Novemba 1989, ikiongozwa na John Kelsoe. Nendeni kwenye orodha ya majina: Egeland yumo. Gerhard yumo.

Nimewahi kusoma watu wakiisimulia habari hii kama aibu ya taaluma. Mimi naiona vingine. Kite asingeweza kufanya alichofanya Egeland mwaka 1989, hata kama angeona kosa kwa macho yake, kwa sababu mchoro haukuwa wake. Mtu aliyetumwa kukusanya hana mamlaka ya kurudi na kusema nilicholeta hakitoshi. Egeland alikuwa na swali, alikuwa na jina la kwanza, na alikuwa na uhusiano na watu uliomlazimisha kuwasikiliza walipobadilika. Aliendelea. Mwaka 2012, pamoja na Endicott, Hostetter na wengine, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa Waamishi kwa miaka 16, akitafuta dalili zinazotangulia baipola.

Tangu hapo sayansi yenyewe imebadilika sura. Hakuna anayetafuta tena jeni moja ya wazimu. Mwaka 2014 ushirika wa kimataifa wa watafiti ulitaja maeneo 108 ya vinasaba yanayohusiana na skizofrenia, na mwaka 2022 yakafika 287, kila moja likiwa na mchango mdogo sana. Baadhi ya watu waliojenga ushirika huo walikuwa wanawake, kama Pamela Sklar, daktari wa magonjwa ya akili aliyefariki mwaka 2017. Lakini kazi ya maelfu ya sampuli imeleta tena mgawanyo wa zamani kwa umbo jipya. Mwaka 2019 Alicia Martin na wenzake waliandika kwamba takribani asilimia 79 ya watu waliowahi kushiriki katika tafiti za namna hiyo walikuwa wa asili ya Ulaya, na kwamba hesabu zinazotokana nazo hukosea zaidi zinapotumiwa kwa Waafrika. Jibu likawa: twendeni Afrika tukakusanye.

Safari hii wakusanyaji ni sisi. Mradi mkubwa uitwao NeuroGAP ulipanga kuchukua mate ya watu 17,000 wenye magonjwa kama skizofrenia na baipola, na wengine 17,000 wasio nayo, katika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Nchini Kenya vituo vyake vilikuwa Eldoret na Kilifi, na Kilifi si mbali na kwetu. Kiongozi wake, Karestan Koenen wa Harvard, ni mwanamke. Katika makala ya 2019 iliyoeleza mpango huo yumo Edith Kwobah, daktari wa magonjwa ya akili wa Eldoret, na Zukiswa Zingela wa Afrika Kusini. Sambamba na ukusanyaji kulikuwa na programu ya mafunzo kwa watafiti chipukizi wa nchi hizo nne, wafundishwe kuchambua vinasaba wenyewe. Hilo ni jambo kubwa. Mtu anayejua kuchambua ndiye anayeweza kuuliza.

Binti wa dada yangu amefanya kazi ya uwandani katika mradi mmoja wa afya, mwingine kabisa, ambao sitautaja. Miaka mitatu alikuwa akibeba kikasha cha sampuli kwenye bodaboda. Anajua ni mama gani hafungui mlango siku za Ijumaa, ni familia gani mgonjwa wao anafichwa chumba cha nyuma mgeni akija. Makala ilipotoka, jina lake lilikuwa katika aya ya shukrani, kati ya dereva na mtunza stoo. Dereva na mtunza stoo wanastahili shukrani. Yeye alistahili pia kuulizwa.

Alinipigia simu usiku. "Mama mdogo," akasema, "mimi si mtafiti, mimi ni mguu wa watafiti."

Nikamwambia habari za Lancaster. Nikamwambia kuhusu farasi anayekimbizwa na simu inayotumiwa mno, na kwamba mwanamke aliyeyajua hayo hakuyaweka katika daftari la mtu mwingine. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Je, nilikumbuka habari za yule binti aliyerudishiwa posa? Alikuwa amezisikia kwa mama yake. Katika nyumba alizopita, alisema, amekutana na visa vya kichaa cha mimba vingi kuliko alivyotegemea, na mara kadhaa mama wa mgonjwa, au dada yake, alikuwa amepitia hayohayo. Fomu ya mradi haikuwa na nafasi ya kuandika hilo. Yeye alikuwa ameliandika pembeni, kwa penseli, bila majina.

Ugonjwa huo huwapata wanawake kama mmoja au wawili katika kila uzazi elfu moja, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo, na una uhusiano wa karibu na baipola. Huweza kutibiwa, na ukoo ukijulikana mapema mama anaweza kulindwa. Kwa miaka mingi magonjwa ya akili ya wazazi yalikaa pembeni ya jenetiki. Yamesogezwa katikati kwa sehemu kubwa na wanawake, kama Samantha Meltzer-Brody wa North Carolina, ambaye mwaka 2016 alianza kuwaalika kwa programu ya simu akina mama waliopata sonona baada ya kujifungua, watume mate yao kwa posta. Pwani yetu bado inasubiri mtu wa kuuliza kwa Kiswahili, katika nyumba ambazo neno la ugonjwa huo linajulikana lakini halitamkwi mbele ya washenga.

Mwaka huu ameomba nafasi ya shahada ya uzamili. Katika fomu, pale panapoulizwa swali la utafiti, ameandika swali lake la penseli. Amenitumia nilisome kabla hajalipeleka. Sikubadilisha neno hata moja, ila nilimshauri aongeze sentensi moja kueleza majina ya koo yatafungiwa wapi, na nani atakuwa na ufunguo.